Faili Mama: Video Moja ya Sofa, Kazi ya Mwezi Mzima

Tuchukue fundi wa sofa wa Ngong Road, Nairobi. Amemlipa kijana mwenye kamera, wakapiga video ya dakika sita inayoonyesha sofa ya watu saba ikiundwa tangu fremu hadi kitambaa. Jumatatu video inapandishwa Facebook, jamaa na majirani wanaipongeza, na kufikia Ijumaa imezikwa chini ya mambo mengine. Wiki inayofuata fundi anatafuta pesa za kupiga nyingine. Kumbe ndani ya zile dakika sita mna majibu ya karibu kila swali analoulizwa kwa simu mchana kutwa, na hajatumia hata robo yake.

Video hiyo inaweza kumfanyia kazi mwezi mzima, kwenye kurasa tano au sita tofauti. Lakini kuna njia ya kuitumia tena na kuna njia ya kuiharibu, na wengi huanza na ya pili.

Huanza hivi. Mtu anaipakua ile ile aliyokwisha kuipandisha TikTok, anaituma kwa WhatsApp ili iingie kwenye simu nyingine, halafu anaipeleka Instagram. Kila hatua imeacha kovu. TikTok imebandika alama yake pamoja na jina la akaunti. WhatsApp imeibana faili ili iwe nyepesi, kwa hiyo kitambaa kimepauka na nyuzi zake hazionekani, na kwa muuza sofa huko ni kupoteza nusu ya bidhaa. Instagram nayo ilieleza tangu 2021 kwamba video fupi zenye alama ya programu nyingine zitapunguziwa nafasi ya kupendekezwa. Zinabaki kuonwa zaidi na wafuasi wa zamani, ambao huenda wameshanunua sofa.

Usichote kamwe kwenye nakala iliyokwisha kuchapishwa. Rudi kila mara kwenye faili mama.

Faili mama ni nini

Ni video iliyohaririwa vizuri lakini haijavishwa chochote: haina muziki, haina maandishi juu ya picha, haina nembo iliyobandikwa, haina bei wala namba ya simu. Sauti ya fundi na ya nyundo yake imo. Hivyo vingine vyote huongezwa baadaye, kwenye nakala, kulingana na mahali nakala inakokwenda. Ukihariri kwa CapCut au programu nyingine, toa kwanza faili hii tupu, iweke kwenye folda yake, ndipo uanze kupamba. Ukishabandika maneno "Ofa ya Krismasi" juu ya picha na kufuta mradi, hakuna njia ya kuyabandua Januari.

Weka pia vipande vyote vya kamera visivyohaririwa. Dakika moja ya video ya 1080p kwenye simu nyingi hula kati ya megabaiti 60 na 150, kwa hiyo dakika 20 za upigaji ni gigabaiti 3 hivi kwa wingi. Flashi ya gigabaiti 64 inabeba kazi kadhaa za namna hiyo. Mdai mpiga video faili hizo siku ile ile anayokukabidhi kazi, na liandikwe kwenye makubaliano kabla hujalipa malipo ya awali. Baada ya miezi mitatu atakuwa amezifuta ili apate nafasi, na hatakuwa amekosa.

Kuna jambo la kuamua kabla kamera haijawashwa: wima au mlalo? TikTok, stetasi za WhatsApp na video fupi za Instagram hutaka wima, pikseli 1080 kwa 1920. Video ndefu ya YouTube hutaka mlalo, 1920 kwa 1080. Ukipiga mlalo kwa 1080 kisha ukakata kipande cha wima katikati, unabaki na upana wa pikseli 608 tu. Kuutanua hadi 1080 ndiko kunakoleta ule ukungu. Ukipiga mlalo kwa 4K (pikseli 3840 kwa 2160), kipande cha wima hutoka na pikseli 1215 kwa 2160, yaani kinatosha na chenji inabaki. Simu ikiwa haina 4K, piga wima, kwa sababu vipande vingi vitakwenda huko, halafu rudia picha tano au sita muhimu kwa mlalo. Na kwa upigaji wowote, fundi na kazi yake wakae katikati ya fremu, pembeni pawe na nafasi ya kukata.

Jambo jingine dogo ambalo huokoa: bango la karakana au fulana yenye jina la duka ionekane ndani ya picha yenyewe. Kuna matapeli wanaochukua video safi za watu, wakaweka namba zao na kupokea amana za sofa wasizo nazo. Nembo ya kubandika hukatwa kwa dakika moja. Bango lililo ukutani nyuma ya fundi ni shida zaidi kuliondoa.

Kata kwa maswali, si kwa dakika

Wengi huchukua dakika sita wakazigawa vipande sita vya dakika moja moja. Kipande cha tatu kinaanzia katikati ya sentensi na hakuna anayejua kinazungumzia nini. Afadhali uandike yote yanayosemwa kwenye video, uyasome na kalamu mkononi, kisha kando ya kila sentensi uandike swali la mteja inalolijibu. Maswali hayahitaji kubuniwa. Fungua WhatsApp ya biashara na usome jumbe 50 za mwisho. Kwa sofa yatakuwa haya: Fremu ni ya mbao gani, na imekauka? Sponji italala baada ya muda gani? Kitambaa kinafulika? Inachukua siku ngapi? Kuleta Rongai ni pesa ngapi? Na lile swali la Nairobi hasa: itapanda ngazi hadi gorofa ya nne, na kupita mlangoni?

Kila swali ni kipande kimoja cha sekunde 20 hadi 45, chenye mwanzo wake. Mwanzo huo usiwe "Habari zenu, karibuni dukani kwetu." Chukua picha yenye nguvu kuliko zote kwenye kipande na uitangulize: fundi amesimama juu ya fremu tupu, au sofa ya umbo la L ikitenganishwa vipande viwili mbele ya mlango mwembamba. Kisha jibu. Jibu la mbao, kwa mfano, liseme sababu: mbao mbichi zikikauka ndani ya sofa husinyaa, viungo vinalegea, na ndiyo maana fremu huanza kulia mtu akikaa. Sentensi moja kama hiyo huuza kuliko mara kumi ya "tuna ubora wa hali ya juu".

Swali ambalo halikujibiwa kwenye video usililazimishe. Piga sekunde 30 mpya kwa simu, mahali pale pale, na uziongeze kwenye folda.

Kila ukurasa na mavazi yake

WhatsApp ndiko pesa inakopatikana hapa Nairobi, na ndiko watu hupeleka makombo. Mteja asiye na namba yako kwenye simu yake haoni stetasi yako, na orodha ya matangazo (broadcast), ambayo mwisho wake ni watu 256, humfikia tu aliyekuhifadhi. Kwa hiyo kila anayeuliza bei umwombe kwanza ahifadhi namba. Stetasi hufutika baada ya saa 24, jambo ambalo ni faida kwako, kwani kipande kile kile unaweza kukirudisha baada ya wiki tatu na hakuna atakayelalamika. Kipande kiwe cha sekunde 30 au pungufu, na usipandishe zaidi ya vitano kwa siku, maana mtu huchoka akaruka vyote. Picha tulivu zitolewe kwenye faili mama na ziingie kwenye katalogi ya WhatsApp Business, inayochukua hadi picha 10 kwa kila bidhaa: mbele, nyuma, mguu, mshono, fremu kabla ya kitambaa. Hiyo ya fremu ndiyo washindani wako hawana. Na unapohamisha faili kwa WhatsApp toka simu moja hadi nyingine, itume kama hati, si kama video, ili isibanwe.

TikTok inataka maandishi makubwa juu ya picha na manukuu ya yanayosemwa, kwa sababu wengi hutazama ndani ya matatu bila sauti. Acha karibu robo ya chini ya skrini tupu, na upande wa kulia upana wa kidole gumba. Huko ndiko vitufe na maelezo hukaa, na bei ikiandikwa hapo haisomeki. Kwa muziki kuwa mwangalifu. Akaunti ya biashara inaruhusiwa kutumia maktaba ya muziki wa kibiashara tu, si kila wimbo unaovuma. Na wimbo ulioruhusiwa TikTok haukupi ruhusa kwingine: ukiupeleka YouTube, mfumo wake wa kutambua kazi za watu unaweza kuizuia video au kumpa mwenye wimbo mapato yake. Ndiyo sababu faili mama haina muziki.

Video fupi za YouTube zinaruhusiwa kufika dakika 3 tangu Oktoba 2024, lakini nguvu ya YouTube iko kwenye ile ndefu ya dakika sita, ambayo mtu ataipata kwa kutafuta hata mwakani. Andika sura kwenye maelezo, yaani orodha ya sehemu za video na dakika kila moja inapoanzia, ukitumia yale maswali yako: ya kwanza lazima ianze 0:00, ziwe tatu au zaidi, na kila moja isipungue sekunde 10.

Kwa Instagram, mada hiyo hiyo iweke pia kama picha za kutelezesha, pikseli 1080 kwa 1350, swali kwenye picha ya kwanza na jibu kwenye zinazofuata. Wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaotokea mtu akitafuta duka lako, husahaulika sana. Wasifu huo hupokea video ya hadi sekunde 30 isiyozidi megabaiti 75, na chapisho la herufi hadi 1,500. Usiandike namba ya simu ndani ya chapisho, Google huweza kulikataa. X (zamani Twitter) haiuzi sofa nyingi. Peleka sentensi moja na picha, basi.

Lugha nayo ni vazi. Sheng inayochangamsha kipande cha TikTok itamkera mama wa Buruburu anayesoma Facebook kwa utulivu, na ofisi ya Upper Hill inayotaka viti 40 itauliza nukuu ya bei kwa Kiingereza. Usitafsiri neno kwa neno. Rekodi sauti upya juu ya picha zile zile. Ni kazi ya dakika kumi.

Bei, nyuso na daftari

Bei isiandikwe juu ya picha ya kitu kitakachodumu. Iweke kwenye maelezo, ambako inabadilishwa. Vinginevyo mteja atakuja na picha ya miaka miwili iliyopita, na atakuwa na haki ya kukasirika.

Nyuso ni jambo zito zaidi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, idhini hutolewa kwa kusudi maalumu na mtu anaweza kuiondoa. Mteja aliyekubali sofa yake ipigwe sebuleni hajakubali kwamba uso wake utembee kwenye tangazo la kulipia. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizochapishwa bila idhini ya wazazi. Andika karatasi moja inayotaja kila mahali kipande kinaweza kwenda, na mteja atie sahihi.

Kisha fungua daftari au jedwali: jina la kipande, kimekwenda wapi, tarehe, nani anaonekana, kimeleta wateja wangapi. Hilo la mwisho linapimika kwa urahisi. Tengeneza kiungo cha wa.me, kinachofungua mazungumzo nawe ya WhatsApp, chenye namba yako ikianza na 254, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo, halafu uongeze ?text= na maneno kama Nimeona%20TikTok (%20 husimama badala ya nafasi kati ya maneno). Kila ukurasa uwe na maneno yake. Mteja akibonyeza, ujumbe unajiandika wenyewe na wewe unajua alikotoka.

Mteja akiondoa idhini, daftari hilo hilo linakuonyesha sehemu zote za kufuta siku hiyo. Na kitambaa kikiisha sokoni, usikimbilie kufuta video ya YouTube ambayo bado inatazamwa, kwa kuwa huwezi kupandisha mpya kwenye kiungo kile kile. Badilisha maelezo, taja kitambaa kilichopo sasa kwenye mstari wa kwanza, na ubandike maoni yenye kiungo cha katalogi juu ya mengine yote.