Viwanda vikihama, nchi ya mishahara mikubwa itakula nini?

SWALI: Asalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni seremala, Langoni, Lamu. Mpwa wangu alikuwa kiwandani Ohio, Marekani, akilipwa dola 25 kwa saa. Kiwanda kimefungwa, mitambo imepelekwa Mexico kwa watu wa dola 4. Je, mtu wa 25 ana njia ya kushindana na wa 4? Na nchi kama ile itakula nini viwanda vyote vikihama?

JIBU: Waaleikum salaam, fundi. Niruhusu nianze na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapopotea.

Mwenye kiwanda hulipa saa, lakini anachouza ni bidhaa zilizotoka katika saa ile. Tuseme mpwa wako alitoa vipande 50 kwa saa: kila kipande kimekula senti 50 za mshahara. Mtu wa dola 4 mwenye zana duni akitoa vipande 5, kila kimoja kimekula senti 80. Hapo wa 25 ndiye rahisi. Kiasi mtu anachotoa kwa saa ndicho kinachoitwa tija, na kwa miaka mingi ndiyo iliyoilinda Marekani.

Mambo hugeuka mtambo wenyewe unapohama. Yule wa dola 4 akipewa mashine ileile akatoa vipande 40, mshahara wa kila kipande unashuka hadi senti 10. Usafiri nao si kikwazo kama zamani, tangu Mmarekani mwenye malori, Malcom McLean, alipopakia makontena 58 melini, Newark hadi Houston, mwaka 1956. Kutoka Mexico hata meli si lazima, lori linatosha.

Kwa hiyo cha kushikilia ni kile kisichoingia kwenye kontena, nawe unakijua kuliko mimi. Tezo na msumeno hununuliwa popote. Jahazi la Matondoni linataka fundi anayeliona taruma, yaani ubavu wa chombo, kwenye mti ungali umesimama, linataka mtia kalafati wa kuziba nyufa, mshona tanga, na kijana aliyekaa nao miaka. Ujerumani wamelielewa hilo. Mishahara yao ni mikubwa, lakini kijana anayejifunza kazi huigawa wiki yake kati ya kiwanda na shule kwa takriban miaka 3, na viwanda bado huleta karibu moja ya tano ya pato la nchi. Marekani ni kama moja ya kumi.

Wala mshahara mdogo peke yake hauleti kiwanda. Sisi wa Malindi tuna ushahidi karibu: kiwanda cha korosho cha Kilifi kilikwama miaka ya 1990, na mishahara ya Pwani haikuwa mikubwa. Korosho nyingi za Afrika hubanguliwa Vietnam na India.

Sasa, nchi itakula nini? Ukichukua wastani, Marekani haitalala njaa. Wafanyakazi wake walio wengi tayari wako hospitalini, shuleni, benki, madukani, kwenye programu za kompyuta. Mwanauchumi Mwingereza David Ricardo alieleza mwaka 1817 kwamba nchi mbili zikibadilishana bidhaa, nchi zote mbili hufaidika, na hesabu yake ni sahihi. Ila haisemi faida inaingia mfuko wa nani, na hapo ndipo ninapokasirika na wenzangu wa fani hii ya uchumi. Mwaka 2000 viwanda vya Marekani vilikuwa na watu zaidi ya milioni 17. Kufikia 2010 walibaki kama milioni 11.5. Mashine zilichangia, mdororo wa 2008 pia, na China ilikuwa imeingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001. Tuliwaambia watu watapata kazi nyingine. Mwaka 2013 wanauchumi David Autor, David Dorn na Gordon Hanson walionyesha kwamba maumivu yaliganda katika sehemu zilezile zilizopigwa na bidhaa za China: kazi zilipungua, mishahara ikashuka, na watu wengi hawakuhama. Mnunuzi wa runinga California aliokoa dola chache, na mji mzima kwingine ukapoteza riziki. Fidia ilihitajika, na iliyotolewa ilikuwa ndogo mno.

Kuhusu mpwa wako, niandikie alikuwa akifanya nini hasa. Kama alikuwa akilisha mashine vipande, kazi ile haitamrudia kwa mshahara ule, na heri aanze mafunzo mapema. Kama alikuwa akiitengeneza mashine inapoharibika, asikubali kazi ya kwanza atakayoiona: viwanda vilivyobaki Ohio bado vinamtafuta mtu kama yeye.