Kunyamaza kwake si kukubali

Mdogo wangu, nimekuelewa: wewe na yule unayempenda mmekula pamoja mara tatu hapo Mombasa, mkacheka vizuri, lakini ulipomshika mkono alinyamaza na kugeukia dirishani, na rafiki zako wanadai hiyo ni haya tu. Usiwasikilize. Anayeridhia mara nyingi husogea karibu. Aliyeganda, anayejibu kwa neno moja huku ameukumbatia mkoba wake, anaomba nafasi ingawa hajatamka. Mimi niliwahi kudhani tabasamu la adabu ni mwaliko, nikapoteza urafiki mzuri.

Muulize ana kwa ana, si kwa ujumbe wa saa sita usiku: “Nikikushika mkono unaona sawa, au tusubiri?” Akisema “labda” au akibadilisha mazungumzo, ichukulie kuwa ni hapana, wala usimkumbushe ni nani aliyelipia chakula. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 inaitaja ridhaa kuwa ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Kwa hiyo aliyelewa chakari au aliyetishwa hajaridhia, hata akinyamaza. Ukiona kukataliwa kunakupandisha hasira usiyoweza kuizuia, mwone mshauri nasaha kabla ya kumwalika tena.