Lipa Deni Kwanza, Zawadi Ifuate

Barua za Kazini: Shangazi anawajibu wasomaji

Shikamoo Shangazi. Nina tanuri la mikate hapa Morogoro, na wafanyakazi 14. Miezi michache iliyopita umeme ulikatika saa 2 usiku, mashine ya kukandia ikasimama na unga umo ndani, na alfajiri tulikuwa na oda ya shule ya bweni. Mimi nilikuwa Dar msibani. Kijana wangu wa tanuri, ambaye zamu yake ndiyo kwanza ilikuwa imekwisha, alibaki pamoja na kina mama wawili wa kuosha trei. Wakakanda kwa mikono, wakachoma kwa kuni mpaka saa 11 alfajiri, na mikate ikafika shuleni kabla ya chai. Hata simu hakunipigia. Mlinzi ndiye aliyenisimulia niliporudi.

Nilifurahi mno. Nikaanzisha Mfanyakazi Bora wa Mwezi, nikaanza na yeye: picha yake nikaibandika juu ya kaunta na 20,000 nikampa. Sasa ni mwezi wa tano na sioni faida. Wenzake wanamwita "Bora" kwa kejeli, na kazi ngumu ikitokea wanasema aachiwe Bora. Ili nongwa iishe nikaamua picha izunguke, kila mtu apate mwezi wake. Na yeye mwenyewe siku hizi saa 2 ikifika tu anavaa viatu. Mshahara wake ni 390,000. Tatizo liko wapi? Nimwongezee fedha au nimpe cheti?
*Mama Mikate, Morogoro*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Barua yako nimeirudia, na kila nikiisoma nasimama palepale: kina mama wawili wa kuosha trei. Umewataja mara moja ukapita. Hao nao walikesha. Hao nao walitia mikono kwenye unga uliokuwa umeanza kuumuka, wakaingiza kuni tanurini, na asubuhi wakarudi kwa watoto wao bila kulala. Picha ukutani ikawa moja, 20,000 ikaenda kwa mmoja. Wafanyakazi wenzao waliona, na jina hilo la "Bora" wanalomwita kijana wa watu linapita kwake tu, linakuja kwako.

Lakini kabla ya picha kuna jambo jingine, na hapa nataka ukae na kalamu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu wiki ya kazi kuwa saa zisizozidi 45. Zaidi ya hapo ni ovataimu, na ovataimu hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza yake ya asilimia 5, na kama saa hizo ni za ovataimu, asilimia 5 hiyo inapigwa juu ya kiwango cha ovataimu. Sasa chukua 390,000 ya kijana wako. Mwezi una wiki 4.333, ukizidisha kwa saa 45 unapata kama saa 195. Saa yake moja ni 2,000. Ovataimu ni 3,000. Ongeza asilimia 5 ya usiku, inakuwa 3,150. Alifanya kazi kuanzia saa 2 usiku hadi saa 11 alfajiri, saa 9. Jumla ni 28,350.

Ulimpa 20,000.

Najua hukukusudia kumdhulumu. Ulitoa kwa furaha, na furaha hiyo inaonekana katika kila mstari wa barua yako. Lakini kwa hesabu hii zawadi hujampa bado. Ulichompa ni sehemu ya deni, ukakiita zawadi, na kina mama wale hata sehemu hiyo hawakuipata. Ndiyo maana saa 2 anavaa viatu. Huyo mtu hajabadilika tabia. Amejifunza kwako kwamba saa zake za ziada hazina bei.

Kwa hiyo hatua ya kwanza: piga hesabu ya wote watatu, kila mmoja kwa mshahara wake, lipa kilichobaki, na kiandikwe kwenye hati ya mshahara kwa jina lake, ovataimu. Usikiite bonasi. Usipige picha. Waite tu, waoneshe hesabu, wasaini.

Nimekuwa afisa utumishi Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kila nilipolisema hili kwa waajiri nilijibiwa kwa methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wengi wanaitumia kama kufuli. Ukimsifu atabweteka, ukimlipa atazoea. Sikubaliani nao. Watu niliowaona wakilegea kazini, wengi wao walilegea baada ya kufanya jambo kubwa na kuona halikuandikwa popote, wala hakuna aliyewauliza walifanyaje. Sifa ya kweli, iliyotajwa kwa kitendo chake, sijaiona ikimharibu mtu.

Basi ukishalipa deni, waite watatu hao pamoja, mbele ya wenzao, muda wa chai. Usiseme "mmejituma sana". Hayo maneno yamesemwa kila mahali hadi hayasikiki tena. Sema kilichotokea: umeme ulikatika saa 2, unga ulikuwa unaharibika, mlikuwa na ruhusa ya kwenda nyumbani na hamkwenda, shule ikapata mikate, na mteja yule bado tunaye. Kisha nyamaza, wao wasimulie. Nina hakika utasikia jambo ambalo mlinzi hakukwambia. Huenda wazo la kuni lilitoka kwa mmoja wa kina mama. Huenda kuna mtu wa nne aliyekwenda kutafuta kuni usiku ule na jina lake halijawahi kufika kwako.

Halafu zawadi yenyewe. Unaniuliza fedha au cheti, na mimi nakurudishia: umewauliza wao? Pale nilipofanya kazi kulikuwa na desturi ya kumpa mfanyakazi bora saa ya ukutani yenye nembo ya kampuni, kila mwisho wa mwaka. Dereva wetu mmoja, mtu makini kuliko wote niliowajua, alizipata kadhaa. Moja aliitundika sebuleni, nyingine akawagawia ndugu. Siku moja alikuja ofisini kwangu, akakaa pembeni ya kiti kama mtu anayetaka kukopa, akaomba ruhusa ya Alhamisi asubuhi ili awe anampeleka mwanawe mazoezi ya viungo Hospitali ya Bombo. Basi. Hicho ndicho alichokuwa akikihitaji miaka yote hiyo ya saa za ukutani. Menejimenti ilisitasita, mwishowe ikakubali. Sikumbuki zawadi nyingine pale iliyogharimu kidogo na ikathaminiwa kama ile.

Kwa hiyo waulize. Mmoja atataka fedha, na fedha haina aibu, mpe. Mwingine atataka siku mbili za kwenda kijijini bila kukatwa kwenye likizo yake. Mwingine labda anataka kufundishwa kupanga tanuri ili atoke kwenye kuosha trei; hiyo ingekuwa zawadi kwako pia. Ukitoa fedha, ipitishe kwenye mishahara. Bonasi ni kipato cha ajira na inakatwa PAYE, yaani kodi ya mapato anayoikata mwajiri, kama mshahara, kwa hiyo mwambie mapema kiasi kitakachomfikia mkononi. Mtu aliyeahidiwa 50,000 akaona pungufu bila maelezo atahisi ameibiwa, hata kama mkato ni halali.

Cheti nacho kina nafasi, ila mimi napendelea barua ya pongezi yenye nakala kwenye faili. Nimeshika mafaili mengi ya wafanyakazi. Fungua faili la kawaida utakuta mkataba, fomu za likizo, na barua za onyo. Mema ya mtu husemwa kwa mdomo yakapotea, makosa yake huandikwa yakabaki. Ikija nafasi ya kupandisha mtu, au ukauza tanuri kwa mwenye mali mwingine, kinachosomwa ni faili. Andika barua tatu, za kurasa moja moja: tarehe, kilichotokea, alichofanya huyo hasa. Mama aliyekanda asiandikiwe barua ileile ya kijana aliyechoma.

Ile picha ya mwezi, iondoe. Kuizungusha ili kila mtu apate ndiko kulikoimaliza, kwa sababu mwenye zamu ya picha anajua hajafanya lolote, na wenzake wanajua. Afadhali ikae miezi minne bila mtu kutuzwa, kisha siku moja atuzwe mtu kwa jambo ambalo kila mmoja aliliona.

Na la mwisho kwako. Sheria haitaki mtu afanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, wala ovataimu zaidi ya saa 50 katika wiki 4, na hata hizo ziwe kwa makubaliano. Dharura ina nafasi yake, lakini umeme wa kukatika Morogoro si jambo la kushtukiza. Tafuta jenereta, au weka kuni za akiba na orodha ya simu za watu waliokubali kuitwa usiku kwa malipo yanayojulikana. Usiku mmoja wa kujitolea watu wanakupa kwa moyo wao. Ukiutegemea kila oda kubwa inapokuja, umeshauchukua kwa nguvu.

Shangazi, mimi ni mtumishi wa halmashauri moja kanda ya kati. Mei Mosi iliyopita nilitangazwa mfanyakazi hodari wa idara yetu. Nilisimama uwanjani, nikapewa cheti na kushikishwa ile hundi kubwa ya mfano, picha zikapigwa, mama yangu akaiona kwenye simu ya jirani. Mpaka leo sijapata shilingi. Nikiuliza naambiwa fungu halijakaa sawa. Watu wa nyumbani wanadhani nimekula peke yangu. Nifanye nini?
*Hodari, Kanda ya Kati*

Mwanangu, hongera, na pole kwa pamoja. Kinachoniuma hapa ni mama yako, aliyefurahi mbele ya jirani, na sasa wewe unaonekana mchoyo kwa fedha usiyoiona. Anza nyumbani: waambie ukweli wazi, hundi ile ilikuwa ya kupigia picha.

Kisha acha kuuliza kwa mdomo kwenye korido. Andika barua kwa mkurugenzi kupitia mkuu wako wa idara, ambatisha nakala ya cheti na picha ya hundi, taja kiasi na tarehe, uliza malipo yamepangwa lini na kwa fungu lipi. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, nakala yake ubaki nayo. Kama ni mwanachama wa TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, mwenyekiti wa tawi apewe nakala pia. Chama kikisimama Mei Mosi kusherehekea na wewe, kisimame na wewe na siku nyingine. Tafuta na wenzako mliotuzwa siku moja, maana sidhani kama uko peke yako, na barua ya watu sita husomwa haraka.

Na viongozi wa halmashauri wanaosoma ukurasa huu, nawasihi: kama fedha haipo, toeni cheti na mseme ni cheti. Mtu atakipokea kwa heshima. Kumshikisha mtumishi hundi mbele ya umma bila fedha nyuma yake ni kumchafua mtu mliyesema mnamtukuza, na wenzake wote wanajifunza nini cha kutegemea mwaka ujao.

Shangazi, niliajiriwa kuuza katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Mtunza stoo alipoacha kazi nikapewa funguo. Mhasibu alipokwenda likizo ya uzazi nikapewa na vitabu. Bosi ananisifu mbele ya wateja kwamba mimi ndiye mkono wake wa kulia. Mshahara ni uleule wa 2022. Nahofia nikidai nitaonekana sina shukrani.
*Mkono wa Kulia, Mwanza*

Mwanangu, hapa anayedaiwa shukrani ni yeye. Mwendee siku tulivu, duka halina wateja, na karatasi moja mkononi: kazi niliyoajiriwa, kazi ninazofanya sasa, tangu lini. Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, na yakibadilika ayarekebishe kwa kushauriana nawe. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa mapacha, kwa hiyo vitabu vina tarehe ya kurudi kwa mwenyewe. Omba posho ya kukaimu hadi siku hiyo, iandikwe. Stoo haina tarehe, hiyo ni kazi mpya, omba mshahara wake.

Lakini kuna jambo la haraka kuliko mshahara. Ulipopewa funguo, je, mali ilihesabiwa? Kama haikuhesabiwa, omba ihesabiwe wiki hii, wewe na bosi mkiwa pamoja: saruji, nondo, mabati, rangi, mpaka boksi la misumari. Orodha isainiwe na nyote wawili. Bila hiyo, siku mifuko ya saruji itakapopungua, atakayeulizwa ni mwenye funguo, na hutakuwa na karatasi ya kuonesha ulikabidhiwa mingapi.