Saa kumi na moja jioni karavani iwe imeegeshwa: majibu kwa mliouliza

Tangu nisimulie jinsi mimi, mume wangu na watoto wetu watatu tulivyozunguka nchi miezi saba tukivuta karavani, yaani tela lililojengwa kama kijumba cha kulala, maswali hayajakoma. Leo najibu haya.

Tuna Toyota Noah. Itaweza kuvuta karavani ya watu watano? (Baba wa watatu, Tabata)

Hapana. Chukueni mahema mazuri mwende nayo. Nchi ni ileile.

Nataka tuondoke Dar saa mbili usiku watoto wakiwa wamelala, tuamkie Iringa. Unasemaje? (Mama wa wawili, Mbezi)

Hili ni swali la nne la aina hii mwezi huu, na jibu langu halijabadilika: usisafiri usiku. Najua mabasi yameruhusiwa tena tangu 2023. Lakini dereva wa basi njia hiyo ni kazi yake ya kila siku. Wewe umeshinda kutwa ukipakia vyombo, na nyuma yako kuna tani moja na nusu.

Utakatiza Hifadhi ya Mikumi, ambako tembo na nyati wanavuka barabara muda wowote, kisha utaupanda mlima Kitonga gizani nyuma ya malori. Lori likiharibika, mara nyingi alama yake ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani. Mchana unayaona kwa mbali. Usiku unayaona ukiwa umeshayafikia, na karavani haisimami upesi kama gari tupu.

Sisi beringi ya gurudumu ilitukatikia saa mbili usiku karibu na Makambako, kwa sababu mimi ndiye niliyesema tumalizie kilomita 40 zilizobaki. Niliogopa kuwaacha watoto ndani ya gari, malori yakipita karibu hivyo, basi tukakaa nao ng'ambo ya mtaro hadi alfajiri, tumewafunika blanketi. Tangu siku hiyo, saa kumi na moja jioni tunakuwa tumeshaegesha, hata kama mji tunaoutaka uko jirani.

Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500. Kwa karavani hizo ni siku mbili. Laleni Morogoro au Mikumi, kesho yake mpite bonde la mibuyu mchana, watoto walione.

Tela linayumba nikifika kilomita 90 kwa saa. Nifunge kifaa gani? (Fundi wa nyumbani, Dodoma)

Kabla ya kununua kifaa, pakua mzigo. Vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli, visirundikwe nyuma. Uzito unaolalia ndoano ya gari uwe kama asilimia 10 ya uzito wa tela lote. Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, na usikanyage breki kwa nguvu. Kilomita 90 ni nyingi mno kwa tela. Hakuna anayewasubiri huko mwendako.

Hukuuliza kuhusu tairi, lakini nitakuambia. Tarakimu nne zilizoandikwa ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2315 ni wiki ya 23 ya 2015. Tairi la tela huzeeka na kupasuka huku kashata zake zikionekana mpya.

Njombe kuna baridi. Tuingize jiko la mkaa tukilala?

Hapana, hapana. Mkaa ukiwaka ndani hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Hata makaa yaliyokaribia kuzima. Hata mkiacha dirisha wazi kidogo. Nunueni mablanketi. Na koki ya mtungi wa gesi ifungwe kabla gari halijaondoka.

Tunaondoka Oktoba, tunarudi Aprili. Mkubwa anaanza mwaka wa mwisho wa shule ya msingi Januari. Itakuwaje? (Wazazi, Moshi)

Ahirisheni. Mtamvuruga mtoto mwaka wa mtihani, na kusini na magharibi ya nchi mtakutana na mvua tangu Novemba. Karavani ikizama kwenye udongo mweusi wa mbuga, haitoki bila trekta. Mtihani ukipita, kaeni na mwalimu mkuu wa wadogo, mpewe kazi za darasani, mwondoke Juni.

Sisemi barabarani hakuna shule. Mwanangu wa darasa la nne alisimama pale Kalenga, karibu na Iringa, mbele ya fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, akauliza lilipelekwa kufanya nini huko. Tuliongea mpaka Mafinga.

Watoto wanaweza kuogelea Ziwa Victoria?

Msiwaruhusu. Kuna kichocho, na kuna mamba.

Pasipo na kambi tunalala wapi? (Wachumba, Arusha)

Ingieni kijijini jua lingali juu, mwulizie mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, mpige hodi mjitambulishe. Sisi tumelala viwanja vya parokia na vya shule, na hatukufukuzwa hata mara moja. Kujificha porini ni kosa: wenyeji wakiona gari geni gizani wana haki ya kuogopa. Ulizeni pia choo cha karavani mkakimwage wapi. Kisimwagwe mtoni kamwe. Watu wanachota maji hapo asubuhi.