Mkemia ana nafasi gani katika utafiti wa mawasiliano ya bakteria?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya kemia. Ningependa kuyatumia maisha yangu ya kitaaluma kuchunguza jinsi bakteria wanavyowasiliana, lakini wenzangu hunieleza kwamba hiyo ni kazi ya wanabiolojia. Je, wana haki?

JIBU: Wana haki nusu. Ni kweli kwamba mlango ulifunguliwa na watu wa biolojia: mwaka 1970, Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings walionyesha kwamba bakteria fulani wa baharini hawatoi mwanga wakiwa wachache, bali husubiri mpaka kemikali wanayoitoa wenyewe ikusanyike vya kutosha katika kiowevu kinachowazunguka. Hata hivyo, muundo wa kemikali ya aina hiyo haukujulikana hadi mwaka 1981, Anatol Eberhard na wenzake walipoubainisha, nayo ikaonekana kuwa molekuli ndogo ya jamii ya homoserini laktoni, ambayo mkemia mwenye ujuzi wa kawaida wa usanisi anaweza kuitengeneza maabara. Tangu hapo swali likawa pia la kikemia: ukiibadilisha molekuli hiyo kidogo, bakteria wataielewaje?

Mtafiti ninayependa umfuatilie ni Helen Blackwell wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani. Alisoma Oberlin College, akapata shahada ya uzamivu California Institute of Technology chini ya Robert Grubbs, aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2005, kisha akaenda Harvard katika maabara ya Stuart Schreiber kabla ya kuajiriwa Wisconsin mwaka 2002. Grubbs alisifika kwa menyuko za kaboni, wala si kwa vijidudu. Kwa hiyo usihangaike kutafuta shahada yenye neno "bakteria" katika jina lake.

Maabara ya Blackwell hutengeneza molekuli zinazofanana na ishara za asili, kisha huzijaribu kwa protini zinazozipokea, kama vile LasR ya bakteria Pseudomonas aeruginosa, ambaye huwashambulia hasa wagonjwa wenye kinga dhaifu. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba kubadilisha kundi moja tu la atomu kunaweza kuigeuza molekuli iliyokuwa ikiizima protini ikawa inaiwasha, na hilo huwezi kuligundua usipojua kutengeneza molekuli kadhaa za jamii moja. Tumaini la kitabibu ni kuwanyamazisha bakteria wasitoe sumu bila kuwaua, ili shinikizo la kujenga usugu dhidi ya dawa lipungue. Binafsi nalichukulia tumaini hilo kwa tahadhari, kwa kuwa bado halijazaa tiba ya kawaida hospitalini.

Basi jiimarishe katika usanisi wa kemia ogania, na uongeze kozi ya mikrobiolojia yenye vitendo, ujifunze kuotesha bakteria kwa mikono yako mwenyewe. Mkemia hapo ana faida nyingine: pete ya laktoni, yaani sehemu ya mduara ya molekuli hizo za ishara, hufunguka katika mazingira ya alkali, na molekuli ikapoteza nguvu zake. Asiyelijua hilo huandika kwamba kampaundi yake haifanyi kazi, kumbe imeharibika ndani ya chupa kabla bakteria hawajaipokea. Kwa hiyo, pima pH (kipimo cha asidi na alkali) ya kiowevu mwanzoni na mwishoni mwa kila jaribio.