Albamu za marehemu mke wa mume wangu zinaniumiza

*Shangazi, shikamoo. Nimeolewa na mgane mwenye watoto wawili. Sebuleni kulikuwa na albamu tatu zilizojaa picha za marehemu mkewe. Mama mkwe kila akija huzifungua na wajukuu, wanalia, mimi najiona mgeni. Nilizihamishia stoo zisiharibike, kwa bahati mbaya zimelowa. Sasa mume wangu hanisemeshi. Ni haki kumpenda marehemu kuliko aliye hai? – Mke Mwenye Uchungu*

Marahaba, mwanangu. Kuingia nyumba iliyopangwa na mwingine si kazi ndogo, pole.

Sasa tuseme kweli. Kitu kinachohifadhiwa kisiharibike hakipelekwi stoo panapovuja. Sebuleni zilikaa miaka yote bila kudhurika. Ulizitoa kwa sababu zilikuudhi. Mumeo simlaumu. Na mama mkwe ndiye ninayemtetea hasa. Unasema wanalia, hukusema kama wanacheka pia, nami naamini wanacheka. Yule bibi anawaambia wajukuu huyu ni nani, hapa mama yenu alikuwa na mimba ya yupi kati yenu. Picha nyingi za zamani hazina jina nyuma. Siku bibi akiondoka, nusu ya nyuso zile hazitakuwa na wa kuzitambulisha.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu: kila mtu anataka mwenza asiye na jana. Picha zinafutwa kwenye simu kabla ya posa, majina hayatajwi, halafu mnaita hayo mapenzi. Mgane hafutiki hivyo. Ulipokubali posa ulijua kuna kaburi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini marehemu huyu lake lipo: ni hao watoto unaowapikia.

Leo hii zitoe stoo. Kabla hujabandua chochote, piga kila ukurasa picha kwa simu. Zilizogandana usizivute, uso wa moja utatoka na mwenzake. Kama ni picha zilizosafishwa studio zamani, zitumbukize kwenye maji safi ya baridi mpaka ziachane zenyewe, uzitandaze kwenye kitambaa safi, uso juu, kivulini. Zilizochapwa kwa printa ya kompyuta usizitie maji, rangi zake huchuruzika. Ambazo bado mbichi na huziwezi leo, zifunge kwenye mfuko uziweke kwenye friza, ukungu usizikute.

Kisha mwite mama mkwe. Hilo neno “bahati mbaya” liache; mwambie ulizitoa kwa wivu na unaomba radhi. Zikishakauka akae nawe, ataje majina, wewe uandike nyuma kwa penseli laini. Kalamu ya wino huacha alama upande wa mbele na wino huvuja. Watoto wawepo.

Mumeo mwombe radhi vilevile, mara moja, bila kumlazimisha ajibu. Na nunua albamu ya ndoa yenu. Picha zenu usizibandike kwenye nafasi za marehemu.