Jina la muuzaji lipo kwenye kumbukumbu za reti za kaunti. Je, kiwanja ni chake?

SWALI: Salaam aleikum, Bwana Mthamini. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi Doha. Nimepata kiwanja cha robo ekari Bamburi, Mombasa. Muuzaji amenitumia picha za risiti za reti (kodi ya ardhi inayotozwa na kaunti) za miaka minane pamoja na cheti cha kutodaiwa na kaunti, nimekuambatanishia zote. Dalali alisema nikitaka uhakika niingie kwenye mfumo wa malipo wa kaunti, niandike namba ya kiwanja, nitaona jina la muuzaji. Nimeingia, na kweli jina ni lake. Kaka yangu anataka tulipe asilimia kumi wiki hii kabla hakijachukuliwa. Pia nimeona thamani iliyoandikwa kwenye daftari la uthamini la kaunti ni ndogo mno ukilinganisha na bei anayotaka. Naweza kuitumia kumshusha?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Mwambie kaka yako atulie. Kiwanja kama ni halali, wiki ijayo kitakuwa pale pale, na hao wanunuzi wengine wanaosemwa kila mara huwa hawaonekani.

Kuangalia kumbukumbu za kaunti umefanya vyema, wengi hata hawafiki huko. Tatizo ni dalali aliyekufundisha namna ya kuzisoma. Katika kazi hii ya uthamini hakuna kinachonichosha kama hili: watu wameigeuza risiti ya reti kuwa hatimiliki ndogo. Mtu anakuja na bahasha imejaa risiti, ananipangia mezani mwaka baada ya mwaka, kisha ananitazama kama aliyekwisha kushinda kesi. Nikimuuliza hati iko wapi, anazisogeza zile risiti karibu zaidi.

Kaunti inatoza reti kwa mamlaka iliyopewa na Katiba ya 2010, kifungu cha 209. Ili itoze, ni lazima ijue kiwanja ni kipi, ukubwa wake, kinatumika kwa nini, kina thamani gani, na bili ipelekwe kwa nani. Hilo la mwisho ndilo dalali wako analoliita umiliki. Ni jina la kupelekewa deni, basi. Usajili wa ardhi uko kwa msajili, chini ya wizara ya serikali kuu, na daftari lake ni lingine kabisa. Kiwanja kikiuzwa na msajili akaandika jina jipya, kaunti haipati habari mpaka mnunuzi mwenyewe apeleke nakala na kuomba rekodi ibadilishwe. Wengi hawapeleki. Ndiyo maana hadi leo kuna bili zinazotoka kwa majina ya marehemu, wajukuu wanazilipa, na hakuna anayeona ajabu.

Na kama mwenye mali anaweza kukosekana kwenye rekodi hizo, asiye mwenye mali naye anaweza kuingia. Nenda dirisha la malipo, taja namba ya kiwanja, toa pesa. Hakuna atakayekuomba hati, na hakuna sababu ya kukuomba: keshia yuko pale kupokea. Jina lenyewe nalo hubadilishwa kwa mkataba wa mauziano ambao karani hana njia ya kujua kama ni wa kweli.

Nimezikuza zile picha zako. Risiti ni za miaka minane, sawa, lakini usitazame mwaka wa reti ulioandikwa katikati. Tazama juu kulia, palipochapishwa tarehe ya malipo. Zote zimelipwa ndani ya siku tatu, na namba za risiti zinafuatana. Kwa hiyo huyu bwana hajalipa reti kwa miaka minane; amelipa deni la miaka minane kwa mkupuo, mwaka huu. Huenda ni mtu safi tu. Kaunti zikitangaza msamaha wa riba, watu husubiri hadi siku za mwisho kisha wakajaa madirishani, na huenda naye alikuwa mmoja wao. Lakini hivyo hivyo ndivyo afanyavyo mtu aliyekiona kiwanja kimeota magugu, akauliza majirani, akaambiwa mwenyewe yuko ng'ambo au alishafariki. Deni la miaka minane ni gharama ndogo kwake akipata pa kuuza.

Cheti cha kutodaiwa nacho kisikulevye. Hutolewa kuonyesha kwamba ardhi haidaiwi reti. Kinasema deni la kaunti limekwisha. Hakisemi kiwanja ni cha nani, hakisemi kama benki imekishika rehani, wala kama kuna ndugu wanne wako mahakamani wakigombea mirathi. Na ikiwa ardhi ni ya kukodishwa kwa miaka maalumu, kuna kodi nyingine ya ardhi inayolipwa serikali kuu, yenye cheti chake. Hiyo kaunti haiijui.

Kuna pia wale wanaoambiwa mitaani kwamba ukilipa reti miaka 12 kiwanja kinakuwa chako. Uongo. Sheria ya Kenya inamtambua aliyekaa kwenye ardhi ya mtu kwa miaka 12, waziwazi, bila ruhusa na bila kukatizwa, na hata huyo ni lazima aende mahakamani apewe amri. Kulipa bili ukiwa kwako si kukaa kwenye ardhi.

Hapa kwetu Mombasa kuna fumbo la ziada, nalo ni nyumba bila ardhi. Familia imejenga Kisauni au Majengo, imezaliana humo vizazi vitatu, inamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja kila mwezi. Kwa kawaida reti hutozwa kwa thamani ya ardhi tupu, bila kuhesabu jengo, kwa hiyo kwenye daftari la kaunti familia hiyo haionekani hata kidogo. Unaweza kununua kiwanja chenye jina moja safi kwenye mfumo, ukafika ukakuta paa kumi na mbili na watu wenye haki zao. Bamburi pia yapo. Mtu wako ameenda kukitazama? Kwa miguu, si kwa video ya dalali?

Basi kumbukumbu za kaunti ni za nini? Ni za kulinganisha. Chukua kilichoandikwa huko, ukiweke kando ya sachi rasmi, yaani taarifa ya msajili ya kilichomo kwenye rejista yake, halafu utafute panapogongana. Kama sachi inasema hekta 0.1 na kaunti inatoza hekta 0.25, kuna ugawaji ambao haukusajiliwa, au namba si ile. Kama muuzaji anasema kiwanja ni cha makazi na daftari la kaunti linakitaja kuwa cha matumizi ya umma, kimbia. Kama hakimo kabisa wakati viwanja vya jirani vyote vimo, uliza kwa nini. Mara nyingi jibu ni kwamba palikuwa barabara, uwanja wa wazi au njia ya kwenda pwani. Kuwa mwangalifu na namba zenyewe. Hati za zamani za hapa zina namba ya CR, ambayo ni ya usajili wa hati, na namba ya kiwanja kama vile MN ikifuatwa na nambari za sehemu, yaani bara ya kaskazini. Kaunti hutafuta kwa hiyo ya pili. Nimeona watu wakipeana CR ya kiwanja kimoja na MN ya kingine kwenye mkataba mmoja, na sina hakika kila mara huwa ni bahati mbaya. Kwa kuwa hati nyingi za zamani zinahamishiwa mfumo mpya wa namba, hakikisha unajua zote mbili, ya zamani na mpya.

Kuhusu bei: hapana, usiitumie. Thamani ya daftari ni ya ardhi tupu, imekadiriwa kwa maelfu ya viwanja kwa pamoja, kwa tarehe moja, na tarehe hiyo inaweza kuwa ya zamani sana. Nairobi ilitoza reti kwa daftari la 1980 kwa takriban miaka 40. Thamani zilikuwa zimepitwa mno hata kiwango kikapandishwa hadi asilimia 34 ya thamani hiyo. Walipohamia daftari la 2019 kiwango kikashuka hadi asilimia 0.115. Ardhi ni ile ile. Aliyekuwa akinunua Nairobi kwa kuangalia daftari la 1980 angecheka peke yake. Hata ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, haufuati daftari hilo. Mthamini wa serikali hukadiria thamani ya wakati huo. Mahali ambapo thamani ya daftari ina uzito ni pale unapoletewa bili na unaona umeonewa. Hapo una haki ya kupinga, lakini muda ni mfupi: sheria ya zamani ilitoa siku 28 tangu tangazo, na nyingi hupita mtu hajui kama daftari limetolewa. Ukishanunua, soma tangazo la kaunti mapema.

Sasa niseme la jumla, maana si wewe peke yako. Kuna biashara imekua ya kuwauzia Wakenya walio nje kile kinachoitwa uchunguzi wa kiwanja. Unatuma pesa, unaletewa kwenye simu karatasi yenye nembo, jina la mmiliki na muhuri. Ukiisoma vizuri utakuta ni picha ya skrini ya mfumo wa reti iliyopambwa. Wengine wanajisifu wana mtu wa ndani ya ofisi ya ardhi. Sachi rasmi ina ada ndogo na iko wazi kwa mtu yeyote. Anayekuambia inahitaji mtu wa ndani anakuuzia kitu kingine. Na barua ya mgao, ile ya serikali ya kumpa mtu kiwanja, si hati: Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, kwamba barua hiyo peke yake haihamishi umiliki kwa yeyote.

Mwaka huo huo mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, na kila mnunuzi wa pwani angepaswa kuijua. Kiwanja kiko ufuoni Nyali. Kilitolewa kwa Rais Moi mwaka 1989, kikauzwa, kikauzwa tena, hati ikasajiliwa. Mahakama ikasema ardhi ilikuwa ya umma, mgao wa mwanzo haukufuata sheria, na mnunuzi wa mwisho hawezi kujificha nyuma ya hati yake. Yule alikuwa na hatimiliki halisi mkononi. Wewe unaonyeshwa risiti.

Kwa hiyo hata sachi safi haitoshi. Mpe kazi wakili wako mwenyewe, asiye wa muuzaji wala rafiki wa dalali. Aombe nakala ya rejista nzima, au kadi ya kijani kama kiwanja kiko kwenye mfumo huo, aone kilitoka kwa nani kwenda kwa nani tangu mwanzo, na kama kuna tahadhari iliyowekwa na anayedai haki humo, rehani au zuio la mahakama. Mpimaji aliyesajiliwa atafute bikoni (alama za mipaka) zote nne na aziweke juu ya ramani ya upimaji. Kisha muulize muuzaji, kwa maandishi, kwa nini reti za miaka minane zililipwa kwa siku tatu, na mwenye kulipa alikuwa nani. Akijibu vizuri na yote yakilingana, asilimia kumi iwekwe kwenye akaunti ya wateja ya wakili kwa masharti ya mkataba, isipite M-Pesa ya dalali. Akikasirika kwa kuulizwa, nitumie jibu lake nami nilisome.